Kiti cha Somo

Kila nikikaa barazani hapa Miembeni hakosekani kijana wa kuanza hadithi ya yule fundi aliyesahau kiti. Wenziwe wanacheka, muuza kahawa anacheka, mimi naweka kikombe chini. Hakusahau. Kiti alikitaka yeye fundi, waliokikataa ni wenye gari, na lawama ikamshukia fundi kichwani. Nimelisema hili mpaka ulimi umeota sugu. Sasa naliandika, ijapokuwa kalamu si kazi yangu. Kazi yangu ni nyundo. Skuli niliijua kwa ukuta wake wa nje. Chuoni, kwenye Kurani, nilihitimu, na gazeti nilijifundisha kulisoma kwa karatasi walizotufungia misumari madukani. Mtu asinisahihishe.

Alizaliwa wapi, na babu yake nani, hayo waulizwe wanaopenda nasaba. Mimi namjua kuanzia mlangoni pa karakana yake, mtaa wa Ng'ambo, siku niliyokwenda kuomba kazi nikiwa na kikoi kimoja na nyundo ya kuazima. Nlikuwa nimetoka shamba, kaskazini, huko nikitengeneza taa za koroboi kwa madebe ya mafuta. Alinitazama mikono. Uso hakuutazama.

"Unaweza kulikunja bati likazunguka bila ya kulia?"

"Bati halilii, fundi. Hulia anayelipiga vibaya."

"Mdomo unao. Ingia tuone kama na mkono unao."

Nikaingia. Nyumba yangu ya mawe, mtambo wangu wa kukunjia bati, watoto wangu kusoma, vyote vilianzia mlango ule. Lakini sikupewa na mtu. Nilifanya kazi.

Kazi yake yeye ilikuwa kuzivisha gari nguo. Wakati ule gari za abiria zilishuka bandarini uchi: injini, usukani, magurudumu, na ile mifupa ya chini tunayoiita chesi. Bodi ilijengwa hapahapa, kwa mbao. Yeye alizidi wenziwe kwa kitu kimoja: bodi zake zilisafiri. Aliijenga nzima karakanani, akaikagua, akaifungua tena kipande kipande, mbavu mbali, milango mbali, mabati yangu mbali, vikafungwa kwa kamba na kupakiwa kwenda Pemba au Tanga. Mteja huko akaunganisha kwa bolti juu ya chesi yake. Kila kipande alikiandika kwa chaki: alifu, be, te, kuanzia kulia, kama tulivyofundishwa chuoni.

Mteja mmoja wa Tanga, Mgoa, mtu mwema kabisa, aliletewa vipande vyake akaanza kuunganisha kutoka kushoto, kama wasomavyo kwao. Akapata gari ambayo abiria wanaingilia kwa dereva, na dereva anaingilia dirishani. Akavuka bahari kuja kulalamika. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Bwana, umeanza na mwisho." Tulimsihi abadilishe alama, atie hata rangi. Hakubadilisha. Alisema mwenye kutaka bodi yake ataanza kulia, na asiyetaka akanunue punda. Ndivyo alivyokuwa, na mimi sikuja hapa kumpaka mafuta. Alikuwa mkaidi kuliko gogo la mfenesi, na mbavu za gari zake zote zilikuwa za mfenesi.

Futi hakuitumia. Alipimia uzi wenye mafundo, na mafundo yale aliyajua yeye peke yake. Akilala chini ya gari alivua kofia yake ya vito, ile ya kudarizi kwa mkono, akaitundika kwenye usukani, na ole wake atakayepiga honi. Picha aliitazama kichwa chini. Ukimletea picha ya gari aliigeuza, akaikazia macho, akaguna. Siku moja nilimuuliza.

"Picha ukiitazama sawasawa inakutongoza," alinambia. "Igeuze. Ndiyo utaona imekaaje."

Alikuwa hapitwi na sala, na hakuna kazi aliyoitoa kwa wakati. Na mtu huyo aliyejenga gari za mbio alikuwa haendi na gari. Hapandi. Gari ikitoka karakanani kujaribiwa, tunapanda sisi, yeye anatufuata kwa miguu, mikono nyuma, kama anasindikiza maiti. Ukimuuliza anasema ana miguu. Nadhani aliogopa. Nlimwambia hivyo usoni, akanijibu kwamba hata mpishi wa pilau si lazima ale.

Lakini kubwa lililonikera ni hili: kwetu sisi alikuwa pilipili, kwa matajiri alikuwa asali. Mie nikikosea msumari mmoja ananitukania ustadi wangu mbele ya kila apitaye. Tajiri akikosea jambo zima, yeye anainamisha kichwa na kusema, "Mwenye chesi ndiye mwenye neno." Msemo huo ulikuwa haumtoki mdomoni. Ukweli ni kwamba yeye hakuwahi kuwa na chesi. Alivisha gari za watu miaka yote, na yake mwenyewe hakuwa nayo hata moja. Kwa hiyo neno halikuwahi kuwa lake.

Sasa niseme habari ya gari za mbio.

Ilianza kwa gari ya mzungu mmoja iliyoungua. Chesi ikasalimika, mwenyewe akaileta ivishwe nguo nyepesi. Fundi akamjengea kigari cha chini, cha wazi, mbele kimebonyea, nyuma kimechongoka. Mji mzima ukakiita Kijiko. Madigadi niliyapiga mimi, yote manne, na aliyeyaona akaniuliza kama yametoka ng'ambo ya bahari. Baada ya hapo tulijenga Vijiko vingine viwili, vikasafiri kwa vipande. Ndipo watu wakaanza kutuuliza: na sasa mtajenga umbo gani?

Barza ya mlangoni kwetu haikuwa na mazungumzo mengine. Mimi nilitaka gari ya makarani: nyembamba, ndefu kidogo, ya kupita vichochoro, kijana wa ofisini aweze kuiweka mlangoni kwao. Makarani wenyewe walikwisha kuja kuulizia. Mpaka leo nasema ile ndiyo ingeuzika, na asiyekubali aje tubishane.

Akaja Bwana Mdogo. Huyu alikuwa mtoto wa tajiri mmoja wa karafuu, amerudi masomoni, kijana mchangamfu, hana kiburi, anakaa juu ya gogo na sisi anakula kashata. Anakaribia kuoa. Alikuja na picha ya gari ya Kizungu, viti viwili, imelala chini kama chui anayenyemelea. Babake amekwisha kumnunulia chesi, mpya, haijagusa njia. Hatujawahi kupata chesi kama ile.

Fundi akaigeuza picha kichwa chini. Akaguna.

"Ya kuendea wapi, bwana?"

"Ya harusi, fundi. Fungate tutakaa kwao, mtaa wa Malindi; ikimalizika nitamtoa bibi arusi, nitampeleka nyumbani Vuga. Nitaendesha mwenyewe, tupite Forodhani."

"Wewe na yeye."

"Mimi na yeye."

Fundi akaigeuza tena ile picha. Kisha akasema, "Na somo wake?"

Barza ikacheka, na mimi nikiwamo. Gari ya mbio na kungwi, bibi mzima, wapi na wapi? Lakini yeye hakucheka. Akachukua chaki, akachora chini: viti viwili mbele, na nyuma yao kimoja, kimeinuka, kina kipandio chake na turubai ya kukunja.

"Mwari hatoki peke yake," akasema. "Huyo aliyemfunda atakaa wapi?"

"Somo atapewa gari yake nyuma, fundi," akasema Bwana Mdogo, kwa adabu. "Ya babangu, kubwa, ina mapazia."

"Ataikubali?"

"Kwa nini asiikubali?"

Siku ya pili baba mtu akaja mwenyewe. Akakitazama kile kiti cha tatu pale sakafuni, akakifuta kwa ncha ya kiatu. Hakusema neno jingine ila, "Kama ilivyo pichani." Na Fundi akajibu, "Mwenye chesi ndiye mwenye neno, bwana." Nilisikia kwa masikio haya. Vijana wa barazani hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, na bati mkononi.

Tukaijenga. Ilitoka nzuri, siwezi kusema uongo. Nyekundu, imelala chini, milango inafungwa kwa sauti ya bweta la kuwekea dhahabu.

Siku ya kumtoa bibi arusi tulikwenda Malindi na kanzu zetu, maana fundi hualikwa. Gari imesimama mlangoni, Bwana Mdogo usukanini, kilemba kichwani. Wanawake wakatoka na vigelegele, mwari katikati yao kafunikwa, na pembeni yake somo wake, mwanamke mnene, mrefu, mkono wake umeushika mkono wa mwari. Akafika mlangoni pa gari. Akainama akatazama ndani. Akainuka.

"Na mimi nakaa wapi, mwanangu?"

"Gari yako ile pale nyuma, Bi Somo."

"Nakuuliza ndani ya hii."

"Hii ina viti viwili tu."

"Basi kimoja changu, kimoja cha mwari. Wewe panda hiyo ya nyuma."

Wanawake wakaangua kicheko.

"Na nani ataendesha, Bi Somo?"

"Hilo waulize waliokutengenezea. Mimi huyu nilikabidhiwa na mama yake, mkono kwa mkono, na nitamkabidhi mlangoni kwenu, mkono kwa mkono. Katikati hapo simwachi. Twende, mwanangu, si mbali."

Wakaenda kwa miguu. Harusi nzima, vigelegele, ngoma za vidumbaki na yote, ikapita Forodhani kwa miguu, na nyuma yao Bwana Mdogo ndani ya gari ya mbio, peke yake, anakwenda mwendo wa kobe kwa sababu wanawake hawakumpa njia. Gari ile haikujengwa kwenda hivyo. Kabla ya kufika maji yakachemka, moshi ukatoka bonetini, gari ikazimika. Watoto wakaja na madebe ya maji. Nani asingecheka? Hata mie ningecheka, kama isingekuwa kazi yangu.

Baba mtu hakucheka. Alimtafuta Fundi katikati ya watu, akamwona, akamwelekezea bakora.

"Umeniaibisha, fundi. Gari ya harusi mtu husahau kiti cha somo?"

Watu wakageuka wote. Nikamtazama Bwana Mdogo. Alikuwa anajua. Kile kiti alikiona kwa macho yake kikichorwa, na babake alikuwa anajua zaidi, kiatu chake ndicho kilichokifuta. Yule kijana akatazama vidole vyake vya miguu. Nikamtazama Fundi. Nikasema, sasa atasema.

"Samahani, bwana," Fundi akasema.

Samahani ya nini? Nilimuuliza njiani, nikamuuliza tena karakanani, sauti yangu ikasikika mtaa wa pili. Samahani ya nini? Umekosa nini? Kwa nini hukusema?

"Ningesema nini? Harusi ya watu ile. Ningeivunja kwa ajili ya kiti?"

"Ungesema kweli."

"Kweli ishasemwa na somo. Mimi ya kuongeza sina."

Nikaona huyu mtu ananifanya mjinga. Jina lake lilikuwa jina letu. Kesho yake tu mji mzima umeshika wimbo mmoja, fundi kasahau kiti, na gari zake zinachemka. Wenye gari za abiria wakaanza kupeleka chesi zao kwengine. Hata wa Pemba walisikia, ijapokuwa barua huko ilikwenda pole pole kuliko bodi.

Kisha likaja la mwisho. Mahamali wawili walileta gari ile karakanani, wanaikokota kwa kamba, na mmoja akasema, "Bwana kasema hataki kuiona tena. Na chesi pia. Kasema ukae nayo, iwe ukumbusho wako." Wakaiacha juani katikati ya ua.

Matusi yale. Lakini nikatafakari, nikamwambia Fundi: sawa, wametutukana, ila wametupa chesi. Leo mwenye chesi ni wewe. Neno lako. Hii ndiyo nafasi yetu, na ni moja, hatuna nyingine. Tukijenga umbo ambalo watu watalitaka, jina litarudi, na tukikosea tunafunga mlango. Nikamkumbusha makarani. Akanisikiliza, nami nikafikiri amekubali.

Asubuhi yake nikamkuta na tezo, anachonga mfenesi.

"Unafanya nini?"

"Kiti."

"Kiti gani?"

Akaendelea kuchonga. Nikaona mwenyewe. Amekwisha kuukata ule mgongo mzuri wa gari.

"Wewe ukitoa gari hii na kiti hicho, watu watasema kumbe kweli alikisahau, sasa anakirudisha."

"Waseme."

"Na makarani?"

"Makarani hawaoi?"

"Wakioa watapanda gari ya kukodi."

"Basi mie nawajengea hiyo ya kukodi."

"Unajenga gari kwa ajili ya bibi mmoja mnene aliyekutia aibu."

Akaweka tezo chini. Mara hii alinitazama uso. "Yeye ndiye peke yake aliyeuliza nilichouliza mimi," akasema.

Nikatia nyundo yangu mkobani. Nikaondoka, nikafungua pangu, Mlandege, nikapiga mifereji ya maji ya mvua, ndoo, madigadi ya baiskeli. Nilifanikiwa, na sikumhitaji. Ile gari yake ilipotoka, na kile kiti kimeinuka nyuma na turubai yake, mimi ndiye niliyeipa jina la Ngamia. Mji ukalidaka jina. Gari nyingine hakujenga. Karakana ikabaki na Ngamia, yeye akiikodisha kwa harusi, na kutengeneza milango ya nyumba. Ndiyo hayo niliyomwambia. Nilimwambia.

Hatukusalimiana kwa miaka. Yaani salamu ya Mungu tulipeana msikitini, zaidi ya hapo hapana.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini akaolewa mwanangu, binti yangu wa kwanza, na mwalimu wa skuli anayekaa Uroa. Mkwe wangu alikuwa anajua kuendesha. Nikasema nitamtafutia gari ya maana, ya kufunikwa. Somo wa mwanangu akaleta neno kupitia kwa mke wangu: kwake yeye Uroa ni mbali, habanwi baina ya watu na vikapu, na ile gari yenye kiti cha somo anaijua kila somo wa mji huu.

"Ngamia haiji mlangoni kwangu," nikasema.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Harusi hii ya mwanao, au ya hasira zako?"

Ngamia ikaja. Mkwe wangu aliifuata mwenyewe karakanani, na nyuma yake, mbali, mikono nyuma, kwa miguu, akaja Fundi. Alikuwa amezeeka. Jicho moja lina ukungu. Kofia ileile ya vito, imefifia. Akatoa kitambaa akaanza kuifuta gari kama vile mimi sipo. Akafika kwenye madigadi, akayapitishia kiganja, moja moja.

"Haya yako," akasema. "Hayajalia."

Nikampa mgongo. Nilikuwa na shughuli.

Wanawake wakatoka. Mwanangu kafunikwa, mkono wake mkononi mwa somo. Wakafika garini. Somo akakanyaga kipandio, akapanda, akakaa juu kwenye kile kiti, akajitanda vizuri, na bila ya kuuachia ule mkono akamkalisha mwanangu mbele yake, pembeni ya mumewe. Mkono ukabaki umeshikwa, juu ya bega. Niliona kwamba kiti kile kimeinuliwa kwa kipimo hicho hasa, mkono ufike begani. Na mimi wakati wa kuchorwa nilicheka.

Turubai ya kile kiti ikashushwa. Nikawa nimesimama mlangoni kwangu, mwenye nyumba, mwenye harusi, niliyelisha mtaa mzima, na sina pa kushika. Nikataka kumchokoza tu.

"Na mimi nakaa wapi, fundi?"

Akalitafakari kama nimemuuliza habari ya mbao.

"Baba hana kiti," akasema. "Baba anabaki mlangoni."

Gari ikaondoka. Ilikwenda taratibu, haikuchemka. Ilipopinda kona nikauona mkono wa somo bado uko pale pale begani, kisha sikuona tena. Sote wawili tukabaki tumesimama. Akaninyooshea kile kitambaa cha kufutia gari.

Nikamwambia kichafu, kinanuka mafuta. Nikakipokea nikajifuta uso.

Halafu mtoto wa juzi anakaa barazani na kahawa yake, ananambia mtu yule alisahau kiti.